Jini wa Nyumba ya Hukumu Nilikuwa Mimi

Wasomaji wangu, salamu. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya dari ya nyumba ya hukumu ya Bagamoyo, nimelala kifudifudi, mdomo nimeuingiza katika mfereji wa udongo unaopeleka maji ya mvua kwenye birika lililo chini ya chumba cha kiapo. Msomaji mmoja wa Saadani ameniandikia barua kuniuliza kama sikuona haya. Niliona haya, bwana, ila niliziona baadaye sana, na hiyo baadaye ndiyo ninayoisimulia leo.

Kwa aliyezikosa sehemu zilizopita, habari kwa ufupi ni hii. Mimi Msabaha nilikuwa mfagizi na mtunza birika wa nyumba ile, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Sultani, kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao. Nyumba ilijengwa na tajiri mmoja wa pembe za ndovu. Akafa hana mtoto, serikali ikaichukua, kadhi akawekwa humo kuamua kesi.

Watu wakisema kwamba yule tajiri alizika fingo chini ya kizingiti, dawa ya kuilinda nyumba yake, na kwamba mtu akiapa uongo humo ndani, jini wa fingo humwita kwa jina kutoka chini ya ardhi, naye hamalizi mwaka.

Miaka ikapita, hakuna aliyeitwa. Ndipo Rehani, karani wa kadhi, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichapwa pamoja chuoni kwa kukosea alifu na bee, aliponiambia, "Jini huyu mvivu. Tumsaidie."

Yeye akinipa majina ya wanaokuja kula yamini. Mimi nikipanda darini jua la utosi, nikimwita mtu jina lake na la baba yake mara tatu ndani ya mfereji. Sauti ilishuka, ikapiga kwenye maji ya birika, ikatokea chini ya miguu ya watu. Waongo walikimbia wakaacha viatu mlangoni, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kisha wakaanza kuogopa hata wakweli. Nilikwisha kuwaeleza habari za Mwinyimvua wa Makurunge, aliyeona heri kuliacha shamba la baba yake kuliko kuapa ndani ya nyumba ile, na haki ilikuwa yake. Siku ile tuliacha kucheka. Kuita hatukuacha.

Sasa sikilizeni namna mchimba kisima anavyoingia mwenyewe.

Nilikuwa na dada, jina lake Mwanvita. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yangu alinifia nikiwa na siku tisa, na mama yake Mwanvita akaninyonyesha pamoja na binti yake, mmoja titi hili, mwingine lile. Kwetu huyo ni ndugu kamili, huwezi kumwoa, huwezi kumkana.

Tofauti yetu ilikuwa moja tu. Mimi nilizaliwa mwungwana. Mama yake alikuwa mjakazi wa Bibi Fatu, kwa hiyo Mwanvita naye akazaliwa mjakazi wa Bibi Fatu.

Bibi yule alikuwa mcha Mungu. Alipokuwa akikata roho alituita wawili, mimi na jirani yake Mzee Bwanausi. Akasema, na akili yake timamu, "Shuhudieni. Mwanvita ni huru kwa ajili ya Mungu." Kisha akaomba maji, akanywa, akafa.

Karatasi hakuna aliyeandika. Nani ataitafuta kalamu wakati mtu anasomewa Yasini? Watu wazima wawili wamesikia, yatosha.

Arobaini haijafika, akatokea Seleman, mtoto wa kaka yake marehemu, kutoka Pangani. Akasema yeye ndiye mrithi, na mjakazi ni wake, na atamchukua akafanye kazi katika mashamba ya miwa. Mwanvita akatoka mbio na unga mikononi mpaka kwa kadhi, akadai uhuru wake. Kadhi akaweka kesi siku ya Jumatatu.

Jumamosi Rehani akanikuta nafagia.

"Msabaha, mashahidi mnao?"

"Wawili. Mimi na Mzee Bwanausi."

Akatikisa kichwa namna ya mtu anayekuja kutoa habari za msiba. "Mzee hatakuja. Ameniambia kwa kinywa chake. Anaogopa nyumba hii."

Nikaegemeza ufagio ukutani. "Ngoja nimwendee."

Akanishika mkono. "Ukamwambie nini? Mkubwa amesema hapana. Unataka akwambie hapana mara ya pili, usoni, wewe uliyekula ubwabwa mlangoni pake tangu utoto?"

Hapo ndipo aliponipata. Nyinyi vijana wa siku hizi mtaniona mpumbavu, lakini sisi tulilelewa hivyo. Mkubwa akikutumia jibu kwa mjumbe, amekusitiri. Kumwendea tena ni kumwambia kwamba humwamini mjumbe wake, au kwamba wataka kumwona akiaibika kwa woga wake. Sikwenda, na nyumba yake ilikuwa hatua arobaini kutoka pale niliposimama.

"Basi tumekwisha," nikasema. "Shahidi mmoja hatoshi."

"Dawa ipo," akasema Rehani. "Siku ya kesi, simama mbele ya watu useme jini ni wewe. Hofu itamtoka mzee, tutamwita, atashuhudia. Kadhi namjua mimi. Atakuchapa viboko sita na kukuonya, basi."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasimama ubavuni pako. Tulianza wote."

Nililia, wasomaji wangu. Nililia kwa kuona nina rafiki wa namna hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ile nilikuwa naikumbatia.

Jumapili jioni nilikwenda kumtazama Mwanvita. Alikuwa amejihifadhi kwa kadhi, uani kwa wanawake, na alikuwa anapepeta mchele wa watu kama kwamba kesho yake hakuna kesi.

"Kaka," akaniambia, "kesho sema ulichokisikia kwa Bibi. Habari za darini usiziguse."

Nikashtuka. "Nani aliyekwambia habari za darini?"

"Kanzu zako nazifua mimi. Chokaa ya darini haitoki kwa sabuni ya mara moja." Akapuliza pumba. "Seleman kadhi amemwita mara ngapi aje waongee katika nyumba ile?"

"Mara tatu."

"Na mara tatu kaugua. Siku ya kwanza homa, ya pili tumbo, ya tatu mguu. Wewe unadhani nini?"

"Nadhani ana mwili mbovu."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. "Wewe nyamaza tu, kaka. Nakuomba."

Nikamwambia mambo ya baraza yana wenyewe, na kwamba mimi nimefagia baraza ile miaka kumi na moja, namjua kadhi, na rafiki yangu ndiye karani. Hayo ndiyo maneno niliyomjibu. Nimeyaandika yote hapa ili mnichukie kwa haki.

Jumatatu watu walijaa mpaka barabarani. Seleman alikuja, akitembelea fimbo, na alikaa kizingitini mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kadhi alimwambia aingie. Akasema mguu unamwuma, hapo panamtosha.

Mwanvita alikaa upande wa wanawake, amejitanda shuka mpaka machoni. Rehani alikaa kwenye meza yake na kalamu. Nikamtafuta Mzee Bwanausi kwa macho, sikumwona, nikasema moyoni kweli mzee ameogopa.

"Shahidi wa kwanza," akasema kadhi.

Nikasimama, nikayasema ya Bibi Fatu, neno kwa neno, mpaka yale maji aliyoyaomba. Kadhi akaitikia kwa kichwa. Watu wakanong'ona kwamba nimesema vizuri. Ningeketi pale pale, leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

Rehani akanitazama na kukohoa kidogo, nami nikakumbuka shauri letu.

"Sheikh," nikasema, "nina neno jingine. Watu wanaiogopa nyumba hii bure. Hakuna jini. Sauti ni yangu. Nimekuwa nikipanda darini na kuita watu katika mfereji wa birika."

Kelele zikazuka hata sikujisikia. Mtu mmoja alinitupia kiatu. Mwingine alikuwa analia, na huyo sikuthubutu kumtazama, kwa maana alikuwa Mwinyimvua.

Kadhi alipiga meza mpaka wakatulia. Rangi ilikuwa imembadilika. "Miaka mingapi?"

"Minne, Sheikh."

"Na majina ya waapaji ulikuwa ukiyapata wapi?"

Nikamgeukia Rehani. Nikangoja asimame. Alikuwa anachovya kalamu katika wino, pole pole, kama kwamba wino ule ni asali.

"Majina huwa juu ya meza yangu, Sheikh," akasema bila kuinua macho. "Mfagizi ndiye anayefuta meza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwita, "Rehani." Akaandika. Nikamwita tena, "Rehani, ndugu yangu." Akapuliza wino ukauke.

Katika hali hiyo ndipo watu wakapisha njia mlangoni, akaingia Mzee Bwanausi na bakora yake, anahema.

"Niwieni radhi, Sheikh," akasema. "Karani aliniambia kesi ni baada ya sala ya adhuhuri. Nimesikia kelele ndiyo nikatoka mbio, na mbio zangu ndizo hizi."

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Msabaha. Mbona hivyo?"

"Mzee, hukusema unaiogopa nyumba hii? Hukumtuma Rehani aniambie?"

"Mimi?" Akaketi juu ya mkeka. "Nimezika watoto wanne kwa mikono yangu, niogope sauti ya kwenye mtungi? Nilimwambia Rehani nitakuja hata nikibebwa kwa machela."

Mzee alikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Mashahidi wawili tulikuwa nao, hapakuhitajika ungamo wala kilio, na mimi kwa adabu zangu sikwenda hatua arobaini kumwuliza mtu neno moja.

Nilitaka kusema jambo, Rehani akaniwahi. Alisimama, akafunga kilemba chake vizuri, akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Sheikh, samahani, mimi ni karani tu. Lakini shahidi wa kwanza amekiri mbele ya watu kwamba amesema uongo miaka minne katika nyumba ya sheria. Huyo ni fasiki, na ushahidi wa fasiki sijui kama unapokelewa."

Kadhi alifumba macho. Alikuwa mtu wa haki, na nadhani alitafuta njia asiipate. "Haupokelewi," akasema. "Ushahidi wa Msabaha nimeufuta. Amebaki shahidi mmoja."

Nikasikia wanawake wakiguna. Mwanvita hakutikisika.

"Shahidi mmoja hamtoi mtu utumwani," kadhi akaendelea. "Basi yamini ni ya Bwana Seleman. Ataapa kwamba hajui lolote la uhuru huu. Akiapa, mjakazi ni wake. Akikataa kuapa, yamini itarudi kwa Mwanvita, na Mwanvita akiapa, ni huru."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Homa, tumbo, mguu. Seleman alikuwa haapi. Kwa dhahabu ya dunia nzima asingeapa ndani ya nyumba ile, na asipoapa, dada yangu amepona. Hofu niliyoitengeneza kwa mdomo wangu, iliyomdhulumu Mwinyimvua na wengine ambao Mungu anawajua, siku moja tu ilikuwa imesimama kumlinda Mwanvita mlangoni. Mwanvita aliliona hilo akiwa anapepeta mchele. Rehani aliliona. Mimi mwenye jini langu sikuliona.

Seleman aliinuka kizingitini. Fimbo akaiacha pale pale. Alitembea mpaka katikati ya chumba kwa miguu miwili mizima, akakanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili tatu, akatabasamu.

"Kwa hiyo huku chini kuna maji tu," akasema.

Akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa. Alisema kwamba hakusikia, hakuambiwa, hajui, na Mungu ni shahidi yake. Na alikuwa ameambiwa na mji mzima.

Alipomaliza watu walinyamaza wakisubiri, kwa mazoea. Hata kadhi nilimwona anatega sikio. Hakuna kilichoita.

"Mjakazi ni wako," akasema kadhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Umchukue usimtese. Msabaha miezi sita gereza, na kila hukumu ya miaka minne hii itatazamwa upya."

Mwinyimvua akasema alhamdulillahi, na sikumlaumu.

"Ahsante, Sheikh," Seleman akasema. "Ila simpeleki Pangani. Nimempa Rehani, awe suria wake. Amenisaidia sana katika jambo hili."

Wasomaji wangu, niliwahi kuwaambia kwamba Rehani alimposa Mwanvita? Sikuwaambia, kwa sababu mwenyewe nililiona jambo la kucheka. Aliposa mara mbili. Bibi Fatu alimwuliza binti, binti akakataa mara mbili. Na mara zote mbili mimi ndiye niliyekaa na Rehani barazani, nikimtuliza, nikimwambia wanawake wako wengi. Akinijibu, "Kweli, Msabaha. Wako wengi." Na sisi tukirudi kwenye mzaha wetu wa darini.

Nilimrukia. Askari wawili wakanidaka kabla sijamfikia shingo, wakanifunga mikono kwa kamba.

Mwanvita alisimama mwenyewe bila kuvutwa. Alimwambia Rehani kwa adabu, "Bwana, naomba kwanza nikamuage Bibi kaburini."

Nani atamnyima mtu kuzuru kaburi mbele ya kadhi? Rehani akakubali, tena alifurahi kuitwa bwana.

Walipopita nilipo, Mwanvita aliinama akafunga ukanda wa kiatu chake. Nilingoja anitemee mate. Nilitaka anitemee mate.

"Kwa Bi Mina, Mbegani," akanong'ona. "Ukifunguliwa, uje. Asijue mtu."

Bi Mina alikuwa shangazi yangu. Dada yangu alikuwa ametoka kupoteza uhuru wake kwa ajili ya ulimi wangu, na bado aliona ni haki yangu kujua atakapokuwa. Nilitembea mpaka gereza nimeinamisha kichwa, na walionirushia maneno njiani sikuwajibu.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha niliposikia mlango wa gereza unafunguliwa. Rehani aliingia na askari. Kanzu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, kilemba hana.

"Yuko wapi?" akasema.

"Nani?"

"Usinichezee, Msabaha. Aliniomba nigeuke upande wa pili, eti si vizuri mwanamume kumtazama mwanamke akimlilia maiti. Nikageuka. Nilipotazama namwona ameketi kaburini, amejitanda. Nikangoja. Nikaita. Nilipokaribia, ni shuka tupu limefunikwa juu ya jiwe."

Sikuweza kujizuia, nilicheka. Akanipiga kofi.

"Hakuna anapoweza kwenda ila kwa mtu wa kwako," akasema. "Jamaa zako ni nyumba tatu. Nitazipekua zote kabla ya magharibi, na ya kwanza ni Mbegani."

"Basi nenda."

"Watu wa Mbegani hawataniacha niingie uani kwa wanawake bila amri ya kadhi, na kadhi leo hataki kuniona." Akatoa kitu kwapani, kimefungwa kitambaa cheupe. Nikakijua kabla hajakifungua. Ulikuwa msahafu wa chumba cha kiapo, niliokuwa nikiupangusa vumbi kila Ijumaa. "Utaapa mbele ya askari huyu kwamba hujui alipo. Ukiapa, nitakuamini, nitaelekeza watu wangu njia ya Makurunge. Usipoapa, nitamwambia kadhi umekataa yamini, na amri nitapata."

"Wewe utaamini kiapo changu? Mimi fasiki?"

"Nakujua tangu chuoni," akasema Rehani. "Kutisha watu ni kazi yako. Kuapa uongo juu ya Kitabu huwezi."

Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Miaka minne niliwatisha watu kwa yamini, mwenyewe sikuwahi kuila hata moja, kwa kumwogopa Mungu. Sikuwa na hofu ya fingo wala ya jini. Nilimhofu Yeye, na Yeye hakai katika mfereji.

Nikikataa, dada yangu anakamatwa kabla jua halijazama. Nikiapa, naapa kwa jina la aliyeumba roho yangu, nami najua, mtaa najua, mlango najua.

Askari alikuwa anatutazama kwa zamu. Rehani alinyoosha msahafu.

"Mikono yangu ina uchafu," nikasema. "Nifungueni. Nileteeni maji nitawadhe, kisha niape."

Askari akanifungua, akaleta kata ya maji. Nikanawa mikono, nikasukutua, nikaosha uso, taratibu, kiungo kwa kiungo, na Rehani amesimama na Kitabu mkononi akinisubiri.